Kabla ya kushangilia udahili mpya, hesabu waliorudi mwaka wa pili

Juzi nimepata ujumbe wa kijana aliyeingizwa kwenye kamati ya mipango ya chuo kikuu binafsi. Chuo chao hakipewi ruzuku na mtu: mishahara, umeme, vitabu, kemikali za maabara, vyote vinatoka kwenye ada. Anasema, "Dada, wakubwa wanataka chuo kikue kila mwaka, na mimi ndiye nimepewa kuandaa mpango. Nianzie wapi?"

Nilimjibu mistari michache usiku ule ule. Lakini swali hili nimeulizwa na wengi, na wanaoniuliza ni watu kama mimi, wanaotaka chuo chao kisimame na kiheshimike. Kwa hiyo leo najibu kwa kirefu.

Mdogo wangu, anzia kwa waliorudi. Kila mtu atakuambia uanzie kwa wapya.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimalizia kwenye ofisi za fedha za vyuo vinavyojiendesha. Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kila mwaka wa masomo ulipofunguliwa idadi ya waliojiunga ilisomwa ukumbini kwa vigelegele. Mwaka huu tumewazidi wa mwaka jana! Picha zinapigwa, keki inakatwa. Mimi nikatengeneza jedwali la ukurasa mmoja: waliojiunga mwaka fulani, wangapi walikaa darasani mwaka wa pili, wangapi mwaka wa tatu, wangapi walivaa joho. Nikalipeleka kwenye kikao cha baraza la chuo. Mwenyekiti akalitazama, akaligeuza kifudifudi mezani, akasema tumekuja kuzungumzia maendeleo.

Mle kikaoni hakuna aliyeligeuza tena. Wakapitisha mkopo wa kujenga hosteli ya ghorofa, kwa hesabu kwamba wanafunzi wataongezeka kila mwaka kama walivyoongezeka mwaka ule. Mimi nikaitwa mkatisha tamaa. Mkopo ulipoanza kulipwa, nusu ya vyumba ilikuwa haina watu, mishahara ikaanza kuchelewa, na wale wale waliopiga makofi wakaja mlangoni kwangu kuuliza pesa ziko wapi. Inaniuma mpaka leo. Aliyeandikiwa barua ya kuhamishwa kitengo nilikuwa mimi.

Sasa tazama hesabu yenyewe, maana ndiyo niliyokuwa nayo kwenye ile karatasi. Chukua chuo kinachopokea wanafunzi wapya 500 kila mwaka kwa shahada ya miaka 4. Wasipoacha hata mmoja, chuo kina wanafunzi 2,000. Wakiacha 15 katika kila 100 kila mwaka, wa pili wanabaki 425, wa tatu 361, wa nne 307. Jumla ni 1,593. Ukiweza kupunguza wanaoacha wawe 8 katika kila 100, jumla inapanda hadi 1,772. Hao 179 hukuwatafuta kwa matangazo ya redio wala kwa mabango. Ukitaka kuwapata kwa njia ya udahili pekee, itabidi kila mwaka upokee wapya wapatao 556 badala ya 500, na vyuo vyote vya jirani vinawagombania vijana hao hao.

Na mhadhiri analipwa mshahara ule ule darasa likiwa na watu 30 au 50. Kiti kinachobaki wazi mwaka wa tatu ni ada iliyopotea bila gharama yoyote kupungua. Watu wa mipango hawalioni hili kwa sababu ripoti zao zinaishia siku ya usajili.

Wanaoacha ni akina nani? Wengi watakuambia ni waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Sikubali. Waliodisko ni wachache, tena wanajulikana kwa majina. Wengi wanaondoka kimya wiki ya mtihani, kwenye dirisha la ada. Namkumbuka binti mmoja wa mwaka wa tatu, hana sapu hata moja, yaani hakuwa na mtihani wa kurudia. Aliniwekea stakabadhi nne za benki juu ya kaunta: moja ya mjomba, moja ya kaka yake, moja ya kikundi cha mama yake, moja ya kwake mwenyewe aliyeuza kompyuta. Alizipanga kwa tarehe, akazinyoosha kwa kiganja. Zikijumlishwa zilikuwa zimepungua kidogo sana kufikia ada ya muhula. Kanuni ya chuo ilisema asiyemaliza ada hapewi kibali cha mtihani, na aliyekuwa na mamlaka ya kulegeza alikataa kupokea simu yangu. Binti akaahirisha mwaka. Hakurudi. Chuo kilipoteza ada ya mihula yote iliyobaki kwa ajili ya salio ambalo angelimaliza mwezi uliofuata.

Chuo nilichohamia baadaye kilinisikiliza. Tulikubaliana na familia ada ilipwe kila mwezi, kwa sababu mshahara wa mzazi unaingia kila mwezi na mshahara wa mhadhiri unatoka kila mwezi. Karani wa kila idara akawa anatupa orodha ya wasioonekana darasani tangu wiki ya tatu ya muhula, na tunapiga simu kabla hawajafunga mabegi. Mara nyingine tatizo ni ada, mara nyingine ni ugonjwa, mara nyingine ni ratiba inayogongana na kazi ya jioni. Kwa muda wote niliokaa pale mishahara haikuchelewa hata mwezi mmoja. Hilo najivunia, na sioni aibu kulisema.

Ukuaji wa wapya pekee umeumiza hata vyuo vikubwa kuliko cha kwenu. Kenya wanalijua hili vizuri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wale wa Module II, mwaka 1998, na vyuo vingine vya umma navyo vikatanua programu za namna hiyo. Pesa ziliingia, kampasi zikafunguliwa mji baada ya mji. Halafu mtihani wa kidato cha nne wa 2016 ukasimamiwa kwa ukali, na waliopata C+ kwenda juu, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, wakawa 88,929, wakati mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Serikali ikaweza kuwapa wote waliofuzu nafasi inazozilipia, na wa kujilipia wakapungua ghafla. Baadhi ya kampasi zikafungwa, madeni yakabaki. Walioandika mipango ya ukuaji hawakuwa wajinga. Walichukua idadi ya mwaka mzuri wakaifanya msingi wa miaka yote.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Buckingham, Uingereza. Kilifunguliwa 1976 bila kutegemea ruzuku ya serikali, kikapata hati ya kifalme ya kuwa chuo kikuu kamili 1983. Wao hawakukimbilia ukubwa. Walipanga mwaka wa masomo uwe na mihula mingi zaidi, mwanafunzi amalize shahada kwa miaka 2, pale ambapo vyuo vingine vya England huchukua 3. Familia inalipa gharama za kuishi kwa muda mfupi zaidi, na madarasa hayakai matupu miezi ya likizo. Mpaka leo ni chuo kidogo, na kipo.

Kuna pia Berea, chuo cha Kentucky, Marekani. Mwaka 1920 wadhamini wake waliamua kwamba urithi wowote utakaoachiwa chuo bila masharti uingie kwenye mfuko wa kudumu badala ya kutumika. Leo mfuko huo ndio nguzo ya chuo ambacho hakiwatozi wanafunzi ada ya masomo. Sisemi mtafika huko. Nasema kuna watu walikaa kikaoni wakaziacha pesa zilizokuwa mezani, na waliokuja miaka mingi baadaye wanasomeshwa nazo.

Hapo ndipo vyuo vyetu vinavyojilipia vinaponikasirisha. Mzazi akilipa mapema ada ya muhula ujao, inahesabiwa kama ushindi na kutumika mwezi huo huo. Ada ya muhula ujao ni deni! Umepokea pesa ya mtu na bado hujamfundisha. Itengewe akaunti yake, isiguswe mpaka muhula ufunguliwe. Na kila mwaka wa masomo ukifungwa, kitu kiende akiba, hata kama ni kidogo, mpaka mfikishe mishahara ya miezi mitatu. Mkifika hapo ndipo mzungumze habari za majengo. Jengo jipya kwa ada ambayo haijalipwa ni kuwabebesha mzigo vijana ambao hata hawajaomba kujiunga. Msikubali. Kama unaipenda taaluma kweli, usikubali, hata ukibaki peke yako mezani.

Umeniuliza pia kuhusu kuanzisha programu mpya kila mwaka. Anzisheni zile tu mnazoweza kuziendesha kwa wahadhiri mlio nao, na hesabuni tena waliorudi.

Kwa kikao chako cha mwezi ujao, omba takwimu za udahili kwa msajili na za malipo kwa mhasibu, uziweke kwenye jedwali moja, mwaka kwa mwaka, programu kwa programu. Hutaamini mara ya kwanza jinsi ofisi hizo mbili zinavyotofautiana idadi ya wanafunzi wa chuo kimoja. Wakae pamoja wapatane kabla ya kikao, wote wawili watie saini chini, kisha jedwali hilo liwe ukurasa wa kwanza wa mpango wako, picha za mahafali zije nyuma.