Mwenye Harrier unayetaka raki ya baiskeli ya mikanda: usilipie kwanza

Mkuu usilipie. Kama hela bado iko kwenye simu iache hukohuko, hata kama jamaa kakwambia zimebaki mbili tu dukani.

Nimesoma ulichoandika. Una Toyota Harrier tako la nyani (toleo lile la kuanzia 2003), baiskeli tatu, mbili za milimani za kwako na shemeji na moja ya mtoto ya inchi 20, mnataka kwenda nazo Lushoto mwezi ujao, umeonyeshwa Kariakoo raki ya mikanda ile ya kuning'iniza mlango wa nyuma wa buti na muuzaji kasema inaingia gari zote. Unauliza kampuni gani nzuri, bei isizidi ngapi, na kama mtaweza kuihamishia kwenye lile gari dogo, IST. Wadau wamekujibu bei, wamebishana kampuni, mmoja kakutumia mpaka namba ya bodaboda wa kukuletea mzigo, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza ndoano za juu utazishikiza wapi. Hapo ndipo moyo ulinilipuka maana mimi nilikuwa na gari hiyohiyo, raki ya namna hiyohiyo, safari hiyohiyo ya Lushoto, na maneno niliyoambiwa dukani ni hayohayo uliyoambiwa wewe.

Toka nje uende kwenye gari sasa hivi. Fungua mlango wa nyuma nusu, pitisha vidole kwenye ukingo wake wa juu, pale unapokutana na paa. Unachogusa ni nini? Gonga kwa kucha. Ni spoila, lile bawa la juu ya kioo cha nyuma, na spoila ni plastiki iliyopakwa rangi ya gari ndiyo maana macho yanaiona bati. Raki nyingi za mikanda huwa na mikanda sita, miwili inapanda juu, miwili inaenda pembeni, miwili inashuka chini kwenye bampa, na kila mkanda una ndoano bapa iliyovishwa mpira. Ile miwili ya juu ndiyo inayobeba kazi karibu yote, ya pembeni kazi yake ni kuzuia raki isicheze kushoto na kulia, ya chini inazuia isirukeruke. Kwa hiyo zile ndoano mbili za juu zikishika bati la mlango uko salama kiasi, zikishika mdomo wa spoila umefunga baiskeli zako kwenye pambo.

Ndivyo nilivyofungiwa. Na kabla hamjaanza kuniandikia "sasa wewe hukuona?", muuzaji mwenyewe ndiye aliyefunga, mbele ya duka lake, akavuta mikanda kwa goti akaning'inia nayo akasema bosi hii hata ukifunga pikipiki haitoki. Mtu akikuonyesha kwa mwili wake unaamini, na yeyote kati yenu angeamini.

Tukapita Bagamoyo, barabara ya Msata, lami safi hakuna shida. Msata nikasimama kuangalia mzigo. Mikanda ilikuwa imelegea kidogo, jambo ambalo ni la kawaida, mikanda ya nailoni hasa ikipata unyevu inavutika na ndiyo maana unatakiwa kukaza tena baada ya kilomita chache za mwanzo. Ila kwenye spoila, pale ndoano ya kulia ilipokaa, nikaona ufa mwembamba kwenye rangi, urefu wa kidole, na pembeni ya ufa rangi imeanza kuinuka. Nikampigia muuzaji simu nikamweleza neno kwa neno. Jibu lake: "Hiyo ni rangi tu bosi, kaza mikanda."

Nikakaza! Hilo ndilo nataka ulielewe kuliko kingine chochote nilichoandika humu. Kitu kilikuwa tayari kinachanika na mimi nikaongeza nguvu ya kukichana, kwa ushauri wa mtu ambaye hela yangu ameshaitia droo. Ukiona ufa kwenye plastiki iliyobeba mzigo hakuna kukaza, unashusha baiskeli hapohapo, hata ikibidi uziache kwa mama lishe umpe hela ya kukuangalizia urudi kuzifuata.

Kutoka Msata kwenda Segera unajua mwenyewe ilivyo, vijiji vimefuatana, kila kijiji kibao cha 50 na rasta (vile vituta vidogo vilivyofuatana), ukitoka kwenye rasta unakutana na tuta, halafu malori yanakupita na upepo unaovuta gari zima. Tumevuka mto Wami, tumekaribia Mkata, kwenye rasta nikasikia kama mtu kapiga paa kofi. Ndoano ya kulia ilikuwa imetoka na kipande cha spoila. Raki ikajipinda, uzito wote ukahamia mkanda wa kushoto, usukani wa baiskeli ya nje ukageuka ukaingia kwenye kioo cha nyuma. Kile kioo kikigongwa hakipasuki vipande, kinamwagika chote chembechembe, na mtoto alikuwa amekaa siti ya nyuma akajaa chembe mpaka kwenye nywele. Kabla sijasimama vizuri ndoano ya kushoto nayo ikaachia, baiskeli zikalala nyuma zikiburuzwa na mikanda ya chini, na nyuma yetu kulikuwa na lori la mafuta. Yule dereva wa lori Mungu ambariki popote alipo, alikuwa ameacha nafasi na aliwahi breki. Angekuwa ametufuata kwa karibu sijui ningekuwa naandika nini leo.

Hasara: kioo, spoila, mlango kunyooshwa na kupakwa rangi upya, baiskeli moja fremu imekwisha. Raki ile ilikuwa rahisi kweli, lakini niliilipia mara nyingi sana ya bei yake, na mtoto kwa muda mrefu baada ya pale gari likipita kwenye tuta anageuka kuangalia nyuma.

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa hesabu ya uzito tulikuwa sawa kabisa. Boksi limeandikwa kilo 45, yaani kilo 15 kwa kila baiskeli, na sisi tulikuwa na 15, 15 na kama 10 ya mtoto, jumla 40. Muuzaji akanionyesha boksi akasema umeona, bado kilo tano zinabaki. Lakini zile kilo 45 zinazungumzia bomba za raki, hazijui chochote kuhusu mlango wako. Na ule uzito haukai wima ukashuka chini, unakaa nje, nusu mita nyuma ya mlango. Shika ndoo ya maji karibu na kifua halafu ishike hiyohiyo kwa mkono ulionyooshwa, bega ndilo litakwambia. Bega hapa ni zile ndoano mbili za juu. Weka na rasta, ambapo kila mshtuko unafanya uzito ule uwe kama umezidishwa kwa sekunde hiyo, tena mara mamia kwa safari moja. Plastiki inavumilia, inavumilia, halafu haivumilii tena, na haitakuchagulia sehemu nzuri ya kuachia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia kwenye kila uzi wa raki mpaka mnichoke: ndoano ishike chuma. Isishike spoila, isishike kioo, isishike bampa la plastiki. Kama kwenye gari lako hakuna chuma ambacho ndoano ya juu inaweza kukishika, raki ya mikanda hiyo si yako, iwe imetengenezwa Sweden au uchochoroni.

Na huyu anayekwambia inaingia gari zote muulize imefanyiwa majaribio kwenye gari gani. Atakutajia Noah, Harrier, Prado, chochote kitakachopita barabarani wakati huo. Kampuni zenyewe zinazotengeneza raki kwa umakini hazisemi hivyo. Thule, Yakima, Saris wana sehemu kwenye tovuti unaingiza gari na mwaka, na mara nyingi inakujibu wazi kwamba modeli hii haifai gari lako. Watengenezaji wanakataa hela yako, wewe unaambiwa na mtu anayeuza raki pamoja na kava za usukani na manukato ya gari kwamba inaingia zote! Hasira yangu kwa wauzaji hawa haitaisha leo, maana wanajua. Yule wangu niliporudi na kipande cha spoila mkononi alisema "aah hizi za Harrier huwa zinafanya hivyo." Huwa! Kumbe alikuwa ameshaona kwa wengine.

Kitu kitakachokusaidia hapo: ukiingiza Harrier kwenye hizo tovuti unaweza usiione kwa sababu nje ya Japani gari hiyo iliuzwa kama Lexus RX. Tako la nyani ni ile ya RX 330 na RX 350, kuanzia 2003. Tafuta kwa jina hilo. Ila angalia spoila kwenye picha iwe ya kwako, kama ni tofauti majibu yale hayakuhusu. Zipo raki zilizopindwa kama upinde ili ziruke juu ya spoila, Saris Bones ni mojawapo, lakini hata hiyo upinde wake unaruka spoila, ndoano bado zinatafuta chuma. Tunarudi palepale.

Mimi sasa hivi natumia ya kukaa kwenye chuma cha kuvutia trela, ile yenye reli ambazo matairi yanakaa juu yake na baiskeli zinasimama badala ya kuning'inia. Ni ghali, sikufichi. Lakini uzito unaenda kwenye mwili wa gari, mlango hauguswi. Sasa usikimbilie kwa mafundi wa Gerezani kuchomelewa chuma hicho leo jioni. Harrier haina chesisi ya ngazi kama Hilux au pickup nyingine, kwa hiyo chuma lazima kifungwe kwa bolti kwenye ile mihimili miwili ya bodi inayopita chini ya buti. Fundi akikwambia atakichomelea kwenye kile chuma chembamba kilicho nyuma ya bampa, mwambie asante uondoke. Chuma cha trela cha kiwanda huwa na kibao kidogo, tafuta herufi S na namba ya kilo pembeni yake, hiyo ndiyo inakwambia uzito wa kukandamiza chini unaoruhusiwa. Piga hesabu: baiskeli kilo 40, raki yenyewe ya namna hii hukaribia kilo 20, jumla 60. S ikiwa 75 unapita. S ikiwa 50 hupiti, na usimsikilize mtu.

Ukienda njia hiyo angalia pia kibao cha namba na taa za breki. Zikifunikwa trafiki ana haki ya kukusimamisha, na la muhimu zaidi anayekufuata usiku hajui kama umefunga breki. Raki nzuri zinakuja na taa zake na sehemu ya kuweka namba, unachomeka waya kwenye soketi ya trela. Na tairi la baiskeli lisikae usawa wa bomba la moshi, linayeyuka, hilo nimeliona kwa jirani yangu.

Za juu ya paa nitasema kidogo. Chuma cha kushika kipo, zinashika vizuri kama gari lako lina reli za paa, baadhi ya Harrier zimekuja nazo na nyingine hazina. Magari mengi ya saizi hiyo paa linaruhusiwa kilo kati ya 50 na 100 gari likiwa linatembea, na humo unahesabu vyuma vya kukatiza na trei za baiskeli, sio baiskeli peke yake, kwa hiyo zako tatu na vyuma vyake zinafika kama kilo 57. Soma kitabu cha gari. Halafu gari lina kama mita 1.7, ongeza baiskeli iliyosimama, unafika karibu mita 2.8, na parking za chini ya majengo nyingi mwisho ni mbili na kidogo. Ukishasahau mara moja tu pale getini, paa na baiskeli vyote vimekwenda.

Hilo la IST na bei ngoja wengine wamalizie, mimi naomba kitu kimoja. Piga picha mbili leo kukiwa na mwanga: moja ya ukingo wa juu wa mlango wa nyuma ukiwa wazi, upande wa ndani ambapo bati linaonekana, na ya pili lala chini upige chini ya bampa la nyuma kuonyesha ile mihimili kushoto na kulia. Ziweke hapa. Hapa jukwaani kuna mafundi bodi wanaoingia jioni, watakuonyesha kwa mshale pa kufunga na pasipofaa, na yule wa Kariakoo mwambie unasubiri picha.