Barua kwa mwanangu: ng'ombe wa bucha na Raven wako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, jana usiku na leo alfajiri kabla mama yako hajaamka. Ulikuwa unanong'ona jikoni ili mjukuu wangu asisikie, na nyuma yako televisheni inapiga kelele. Uliniuliza, "Baba, hivi ni mimi nimezeeka, au hii katuni ya Teen Titans wameiharibu kweli?" Ukacheka, lakini kicheko chako nakijua, kile hakikuwa chenyewe.

Hujazeeka. Kuhusu kuharibu, ngoja nikukumbushe kwanza kwamba na mimi nimewahi kuharibu.

Ile bucha ya njia ya sokoni ilikuwa na ng'ombe ukutani, kachorwa na fundi mmoja mzee kabla sijaingia kwenye kazi hii ya mabango. Alikuwa na makengeza: jicho moja linatazama barabara, jingine linatazama kisu. Mwenye bucha akaninunulia rangi nimchore upya. Nikamnyoosha macho, nikamtia kivuli tumboni, nikamng'arisha pembe. Nikajiona fundi! Jioni mama mmoja muuza mchicha akasimama pale, akamtazama weee, akaniuliza, "Yule wetu umempeleka wapi?" Kumbe mtaa mzima ulikuwa unaelekezana njia kwa yale makengeza: ukifika kwa ng'ombe makengeza, kata kushoto. Wangu alikuwa mzuri zaidi, na hakuna aliyewahi kumwelekeza mgeni kwake.

Sasa tuje kwa Raven wako.

Teen Titans, ile katuni ya mashujaa vijana, ilianza 2003 na kukatika 2006, misimu mitano, nawe ulikuwa ukiitazama kwa jirani mwenye dishi mpaka nikakununulia zile DVD. Ulikuwa mtoto wa kimya. Wenzako walimpenda Robin au yule wa kijani anayejigeuza wanyama, wewe ukamshika Raven, binti wa joho la buluu ambaye akiacha hisia zake zimtawale, vitu vinapasuka. Katika msimu wa nne tukajua kwamba baba yake, yule pepo Trigon, anataka kumfanya mlango wa kuingilia duniani aiangamize. Usiku ule ulikuja chumbani ukaniuliza kama baba anaweza kumfanyia mwanawe hivyo. Sikumbuki nilikujibu nini. Nakumbuka ulilala miguuni petu.

Halafu 2013 ikaja Teen Titans Go!, hiyo anayoitazama mjukuu wangu. Vichwa vikubwa, miguu kama njiti, kisa kizima cha dakika kumi na moja kinaweza kuwa ugomvi wa chakula. Raven huyohuyo sasa ana wazimu wa katuni ya farasi wenye mabawa.

Kama mchoraji, sina ugomvi na kichwa kikubwa. Mstari ule mnene umechorwa na mtu anayejua kazi yake, na vichekesho vingine, nikiri, vimenichekesha. Kinachokuuma nadhani ni sauti. Waigizaji watano wa sauti ni walewale wa 2003. Wangeweka wengine ungesema hawa ni watu baki, ukageuza stesheni. Lakini unaisikia sauti ileile iliyokuwa ikikufariji, sasa inapiga porojo, na humo ndani hamna aliyekuja na huzuni yoyote. Ni kama kumpigia simu ndugu yako, akapokea, asikutambue.

Hata Tom na Jerry, ambayo watu huiona kama haijawahi kuguswa, imepitia mikono mingi. Ilipoanza 1940 Tom hakuitwa Tom, aliitwa Jasper, na alikuwa na manyoya mengi. Hanna na Barbera, walioianzisha, wakamlainisha mwaka baada ya mwaka na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu walibadilisha sura bila kugusa ladha. Baadaye kampuni ya MGM ikampa kazi mtengenezaji mwingine, Gene Deitch, akatengeneza filamu 13 huko Prague. Wewe ulizijua kabla hujajua kusoma! Ile kaseti ya Kariakoo ilikuwa imechanganya zote, na zikifika zile ulikuwa unasema, "Baba, ruka, huyu ni Tom wa pangoni," kwa jinsi sauti zake zilivyokuwa na mwangwi. Tena mle kuna bwana mnene anamwadhibu Tom mpaka unamhurumia. Kipigo cha zamani kilikuwa muziki, mtu anapondwa kwa mdundo, anainuka. Kile kilikuwa kipigo tu.

Kwa nini wanafanya hivi? Hadithi ndefu inayoungana inataka mtazamaji arudi kila wiki. Kichekesho kifupi unakirusha saa yoyote, kabla au baada ya chochote. Na jina la zamani limeshajitangaza lenyewe, kama ukuta wa bucha ulivyokwisha kujulikana. Mwenye bucha wangu hakuwa mtu mbaya.

Kuna sehemu moja ya Teen Titans Go!, ilitoka 2016, inaitwa "The Return of Slade". Slade mwenyewe, yule adui mliyemwogopa, haonekani hata mara moja. Badala yake kuna mchekeshaji wa sherehe za watoto, na yule wa kijani na mwenzake Cyborg wanalalamika kwamba hafurahishi kama zamani, na Raven anawaambia mambo yale ni ya watoto. Wanakusema wewe, mwanangu! Nilicheka, kisha nikaona hawajajibu kitu. Umri wako wa 2005 hauhusiani na Trigon kuandikwa vizuri.

Kwa hiyo usimzimie mtoto televisheni. Anacheka, na huyo ndiye Raven wake. Ila mwisho wa mwezi mkija, mfungashe na hamu ya kukaa na babu. DVD zako zipo kabatini, kwenye lile boksi la viatu, na deki inawaka ingawa rimoti imepotea. Tutaanza na msimu wa kwanza. Akichoka kabla ya kufika kwa Trigon, nitamwachia aende akacheze.

Na yule ng'ombe, niliomba ruhusa nikamrudishia makengeza mwaka uliofuata. Hayakukaa sawasawa.

Baba yako