Swali la lugha: Tulikusanya data au takwimu?

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili ya takwimu hapa Nairobi. Katika ikisiri ya tasnifu niliandika "takwimu zilikusanywa Gikomba", msimamizi akakata na kuandika "data". Kwani si kitu kimoja? Na ni data hii au data hizi?

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Katika soko la mitumba la Gikomba hukukusanya takwimu. Ulizipata baadaye, ulipoketi kupiga hesabu. Tuseme una hojaji 240 zilizojazwa na wauza mitumba. Jibu la kila mmoja, "nakopa kwenye chama" au "sikopi", ni data. Ukihesabu wanaokopa ukapata 150, ukagawanya kwa 240, ile asilimia 62.5 ndiyo takwimu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba takwimu limebebeshwa mizigo mitatu. (Kwa Waarabu, tulikolitoa, neno hilo ni kalenda; elimu yenyewe wao huiita ihsaa.) Likiwa jina la taaluma, hubaki katika umoja: "takwimu inahitaji hisabati". Likiwa na maana ya tarakimu zilizochakatwa, huja kwa wingi: "takwimu za sensa ya 2019 zinaonyesha Kenya ilikuwa na watu 47,564,296". Matakwimu halipo.

Mzigo wa tatu ndio unaowaangusha wanafunzi: nambari moja inayokokotolewa kutoka kwa sampuli, yaani wale wachache uliowahoji kwa niaba ya wote. Ukiandika "takwimu" tupu hapo, msomaji hajui unazungumzia waliohojiwa au soko zima. Andika "takwimu ya sampuli", na ile ya kundi zima uiite parameta. Wastani wa mapato ya wale 240 ni takwimu ya sampuli. Wastani wa wauzaji wote wa Gikomba, ambao huujui na ndio unaoukadiria, ni parameta.

Na hilo kundi zima usiliite "idadi ya watu". Idadi ni nambari, tena si kila utafiti unahusu watu. Nimesoma "idadi ya watu ya utafiti huu ni vibanda vyote", sentensi inayogeuza vibanda kuwa binadamu. "Kundi lengwa" linatosha, liwe la wauzaji, matatu au marobota ya nguo.

Kuhusu "data hii" au "data hizi", zote mbili zinakubalika kwa kuwa nomino hii iko katika ngeli ya I-ZI. Mimi hupendelea "data ilikusanywa", kama tusemavyo sukari ilimwagika, kwa sababu hatuihesabu moja moja. Wasomi wengi huandika "data zilikusanywa", na si kosa. Kosa ni kuanza na "data hii" na kumalizia na "zinaonyesha" katika sentensi hiyo hiyo, jambo linalotokea sana mtu anaponakili aya kutoka pendekezo la utafiti hadi sura ya matokeo. Chagua upatanisho mmoja, kisha pitia kila "data" katika tasnifu nzima.

Lakini ukishuka sokoni, neno hilo liache chuoni. Mwuzaji wa Nairobi akisikia data anafikiria bando. Ukimsomea fomu ya ridhaa, "data yako itahifadhiwa kwa siri", atatazama simu yake. Msomee hivi: "majibu yako hayataonyeshwa mtu mwingine."