Maswali ya Wasomaji: Mfarishi wa Viraka wa Gee's Bend

Swali: Tumependa mifarishi ya viraka ya akina mama weusi wa Gee's Bend, Alabama. Mimi, mama na bibi tunataka kushona mmoja kwa nguo za marehemu babu, lakini tunabishana rangi, na kipande tulichoanza kingo zake zinafanya mawimbi. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Gee's Bend kutengeneza mfarishi ni kazi mbili. Kuunganisha viraka ni kazi ya mtu mmoja, nyumbani kwake, na rangi ni shauri lake. Kinachofanywa pamoja ni kushonea tabaka tatu, yaani viraka, pamba na kitambaa cha chini. Hapo mama, mabinti na wakamwana huzunguka fremu, nyimbo za kanisani zikiendelea. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, binti yake Arlonzia akimsaidia. Basi mwachieni bibi rangi.

Anzeni na mtindo wa Paa la Nyumba. Kata mraba wa sm 17, kisha uuzungushie vipande virefu vya upana wa sm 8, mshono sm 1. Kila mzunguko huongeza sm 12, kwa hiyo mizunguko 14 inatoa sm 183. Mkitaka urefu zaidi, ongezeni vipande upande wa kichwani na wa miguuni tu.

Mawimbi hutokana na kushona kipande bila kukipima, kisha kukata ziada mwishoni. Pima kwa futi katikati ya kazi, si ukingoni, ukate kipande kwa kipimo hicho. Kitambaa kilichokatwa mshazari nacho huvutika. Fueni nguo zote kwanza, maana zipo zinazochuja na zinazorudi. Msiunganishe jinzi na khanga iliyochakaa: jinzi itaichana kwenye mshono.

Kushonea kuanzie katikati kwenda nje, mistari ya bandi ikiachana sm 5 hadi 8. Ikiachana zaidi, pamba hujikusanya mabonge mfarishi ukifuliwa.

Swali: Mbona wengi wa akina mama hao wa Gee's Bend wanaitwa Pettway? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Mark Pettway alilichukua shamba la Gee's Bend mwaka 1845, na watumwa wakabebeshwa jina lake. Baada ya uhuru wengi walibaki wakilima ardhi ileile kama wapangaji. Jina pekee, basi, si ushahidi wa udugu wa damu.