Goti Likiteguka, Shika Unyayo

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji wa Tanga, aliletwa kijana aliyeanguka na bodaboda barabara ya Pongwe. Goti lake lilikuwa limeteguka na kurudi lenyewe njiani, hapakuwa na kidonda wala damu, na kwa kuwa alichezesha vidole vyake, nilimfunga banzi, nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia mama yake wasubiri asubuhi apigwe picha. Kulipokucha unyayo ulikuwa umepauka na kuwa wa baridi kama samaki aliyelazwa kwenye barafu. Mguu ule ulikatwa.

Ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, inayopita nyuma ya goti imeshikizwa juu na chini, hivyo goti linapotoka mahali pake mshipa huvutika, ukuta wake wa ndani huchanika, na damu huganda humo humo pasipo tone kuonekana nje. Misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6, matumaini ya kuuokoa mguu hupungua sana.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa zahanati watafute mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani, walinganishe na mguu wa pili, na warudie kila saa, kwa sababu mshipa uliochanika leo jioni unaweza kuziba usiku wa manane. Penye mashine ya Dopla, inayosikiza mtiririko wa damu kwa mawimbi ya sauti, presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.9, mgonjwa anahitaji picha ya mishipa. Mapigo yakikosekana kabisa, rufaa ianze saa hiyo hiyo.

Damu inayoruka nje haimdanganyi mtu, ila wengi huikabili vibaya: hufunga kamba nyembamba inayobana vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na kuiacha ateri ikimwaga, au huchomoa kisu kilichokuwa kikiziba tundu. Kandamiza penye kidonda penyewe kwa nguvu, bila kufunuafunua. Mkata mkonge mmoja aliyejikata paja aliletwa kwetu huku kaka yake akikandamiza kwa kanga iliyokunjwa tangu shambani; vidole vya kaka yule vilikuwa vimekufa ganzi, nami sikumruhusu aviondoe mpaka mpasuaji aliponawa na kuvaa glavu.