Kabla ya Kusimika Vihisi Shambani, Tenganisha Maswali Mawili

Wakulima wa hapa Tabora wanaoniomba ushauri kuhusu mitandao ya vihisi visivyotumia waya, karibu wote huanza kwa kuuliza vihisi vingapi vitatosha. Huwaomba waligawe swali hilo mara mbili: je, kila sehemu muhimu ya shamba inapimwa, na je, kila kipimo kinafika kwenye kituo cha kukusanyia data? Kihisi kinaweza kupima unyevu wa udongo kwa usahihi msimu mzima na kipimo chake kisimfikie mtu yeyote.

Mwaka 2005 Honghai Zhang na Jennifer Hou walithibitisha kwamba, kwenye eneo lisilo na kona zinazoingia ndani, ikiwa mawimbi ya redio yanafika angalau mara mbili ya umbali ambao kihisi kinahisi, basi eneo likishapimwa lote, mtandao nao huwa umeungana. Ni kanuni nzuri sana kwa vihisi vinavyotambua kitu kikiwa mbali. Kihisi cha unyevu, hata hivyo, hupima udongo unaokizunguka kwa sentimita chache tu, kwa hiyo hakuna mkulima atakayeweza kulipima shamba zima, na kanuni hiyo haiwezi kumsaidia. Linalobaki ni kuchagua mahali panapowakilisha pengine. Shamba linaloanzia kwenye mwinuko wa kichanga na kuteremka hadi kwenye mbuga ya udongo mweusi linahitaji vihisi pande zote mbili, kwa sababu kichanga hukauka mapema wakati mbuga bado imeshika maji. Vihisi kumi vilivyosimikwa kwenye kichanga pekee havitakueleza lolote kuhusu mpunga wako ulio mbugani.

Upande wa redio ndiko ninakoona watu wakiumia zaidi. Mwezi Agosti miti mingi ya miombo imepukutisha majani na mashamba ni meupe, hivyo majaribio ya wakati huo huleta majibu ya kufurahisha mno. Kufikia Februari mahindi yamempita mtu kimo, majani yamejaa maji, na mawimbi ya gigahezi 2.4 hufifia haraka yanapopenya humo. Ukiweza, tumia vifaa vya masafa ya chini ya gigahezi moja, na uinue antena juu ya mbelewele. Hata mahali pasipo na mmea, nodi mbili (yaani vifaa vya mtandao vyenye redio, kwa kawaida pamoja na kihisi) za gigahezi 2.4 zilizo umbali wa mita 200 zinahitaji nafasi iliyo wazi ya takriban mita 2.5 kuzunguka mstari unaoziunganisha, katikati ya safari. Antena iliyo karibu na ardhi hainayo. Mimi hufunga nodi kwenye ufito mrefu, nikatembea nayo shambani mazao yakiwa yamekomaa, huku nikihesabu pakiti (vifurushi vya data) zilizofika badala ya kutegemea nguvu ya mawimbi peke yake.

Nodi zilizo jirani na kituo hupitisha taarifa za wenzake wote, na betri zake ndizo huisha kwanza. Moja ikizima, zote zilizo nyuma yake hunyamaza, ingawa bado zinapima. Kwa hiyo, kila nodi iwe na njia mbili za kufika kituoni, na fedha ikiwa kidogo, usinunue kihisi kingine: nunua nodi isiyo na kihisi chochote, uiinue juu karibu na kituo, uipe paneli ya jua, na kazi yake iwe kupokea na kupitisha tu.