Jirani yangu hataki kuchungwa

Swali: Shikamoo mama. Jirani yangu, bibi wa miaka 80 na kitu, anaishi peke yake. Kila nikimpigia hodi ananijibu, "Sijafa bado!" Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ana haki ya kukasirika. Nani anapenda kuhesabiwa pumzi? Acha kumkagua, patana naye ishara: akiamka afungue pazia la mbele. Likibaki limefungwa hadi saa tatu asubuhi, ndipo ubishe. Mzee akianguka akakosa wa kumwinua, kulala sakafuni saa nyingi kunaweza kumdhuru kuliko anguko lenyewe: misuli huharibika, figo hufuata, mwili hupoa. Kwa hiyo ufunguo wa akiba uwe kwa mtu anayemwamini yeye, hata kama si wewe. Namba za wanawe uwe nazo.

Nilipokuwa muuguzi nililiona hili mara nyingi: mzee timamu jana, leo kachanganyikiwa ghafla, watu wanasema "uzee huo". Huenda ni maambukizi au upungufu wa maji, maana hisia ya kiu hufifia umri ukienda. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na siku mojamoja mwombe yeye msaada, hata kukupokelea mzigo ukiwa kazini.